Sonda ya mkojo isikosekane mahali akina mama wanazalia

Kwa wakaaji wengi wa Kivu, mfuko wa mkojo ukining'inia kando ya kitanda cha mgonjwa ni alama kwamba mambo yamekwisha. Familia inaanza kunong'ona, na wengine wanamwomba muganga aondoe mpira huo haraka. Hofu hiyo inaeleweka. Lakini inaharibu afya za watu, hasa za akina mama waliokawia katika uchungu wa kuzaa.

Sonda ni mpira mwembamba unaopitishwa katika njia ya mkojo hadi kwenye kibofu. Karibu na ncha yake kuna puto ndogo inayojazwa maji ili isichomoke, na mkojo unateremka wenyewe mpaka kwenye mfuko. Mzee ambaye prostati imemzibia njia anawekewa ili apate kukojoa. Vilevile mtu anayefanyiwa operesheni kubwa, aliyepoteza fahamu, au mahututi ambaye waganga wanataka kujua figo zake zinatoa mkojo kiasi gani.

Kwa mama aliyepitisha siku moja au mbili katika uchungu, sonda ina kazi nyingine. Kichwa cha mtoto kikikwama, kinabana kibofu kwenye mfupa wa nyonga na damu haipiti tena. Nyama iliyobanwa inaweza kufa, na siku chache baada ya kuzaa tundu linatokea. Hiyo ndiyo fistula: mkojo unavuja usiku na mchana. Mara nyingi mtoto amekwisha kufa, kisha mama anaachwa na mume na kukimbiwa na majirani kwa sababu ya harufu.

Sonda ikiwekwa mapema, kibofu kinabaki kitupu, kinapumzika, na sehemu iliyoumia inapata nafasi ya kupona. Ndiyo maana inashauriwa mama kama huyo abaki nayo karibu wiki mbili. Hata kama tundu limekwisha kutokea, likiwa dogo na jipya linaweza kujifunga lenyewe kwa kuacha sonda wiki 4 hadi 6, bila kisu. Likikaa muda mrefu, inabaki operesheni tu.

Na operesheni iko mbali. Hospitali ya Panzi mjini Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, inajulikana kwa kushona fistula, sawa na HEAL Africa mjini Goma. Lakini mama wa Shabunda au Walikale atafikaje huko, wakati barabara ni mbovu na watu wenye silaha wako njiani? Wengine wanabebwa kwa kipoyi mpaka kituo cha afya kilicho karibu, na hapo ndipo safari inaishia. Basi ni hapo ndipo sonda inapaswa kuwepo.

Kuna wanaosema sonda inaleta maambukizi. Ni kweli: kila siku inapokaa, hatari inaongezeka. Kwa hiyo iwekwe kwa usafi na itolewe kazi yake ikiisha. Anayemlinda mgonjwa afundishwe kunawa mikono, kuweka mfuko chini kuliko kibofu, kutovuta mpira, kumpa mama maji mengi ya kunywa, na kumwita muuguzi mara moja homa ikipanda au mkojo ukikatika. Masomo hayo hayachukui hata nusu saa.

Kikwazo kikubwa ni pesa. Familia inatumwa farmasi kununua kwanza, na kila siku ya kitanda inaongeza deni. Mama anarudishwa nyumbani mapema, na sonda inatolewa kabla ya wakati. Mpango wa serikali wa kuzaa bila malipo, uliozinduliwa Kinshasa mwaka 2023, hautakuwa na maana kwa mama huyo kama hauhesabu sonda na siku zake za kupumzika.

Kila tarehe 23 Mei, siku ya kimataifa ya kutokomeza fistula, hotuba hazikosekani. Wakubwa wa afya katika majimbo waanze na jambo dogo: wahesabu ni vituo vingapi vya kuzalishia vina sonda na mifuko yake leo, kisha wapeleke mahali hazipo.