BABA WA KUPOSTI TU, MAZOEZINI MTOTO ANAPELEKWA NA DADA WA KAZI

Hapa Sumbawanga baridi kama kawaida yetu, ila leo nina moto.

Kuna staa mmoja, simtaji asije akasema natafuta kiki kwa jina lake. Kaposti picha kambeba mwanae mwenye mtindio wa ubongo, kaandika "shujaa wangu". Laiki za kumwaga. Shabiki mmoja akamuuliza, kaka, mazoezi mnayafanyaje nyumbani? Jamaa akajibu: "Dada wa kazi ndo anampeleka, mimi nalipia, wataalamu wanafanya kazi yao."

Hapo ndo nilipochoka. Kulipia ni jambo jema, ila kulipia siyo kushiriki. Piga hesabu: wiki ina saa 168. Mtoto akikaa kwa mtaalamu saa moja, zinabaki 167, na hizo zote ziko nyumbani kwako. Sasa nani daktari mkuu hapo?

Kwa wasiojua, mtindio wa ubongo unatokana na ubongo kuumia mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Inaweza kuwa alikosa hewa, inaweza kuwa manjano kali au homa ya uti wa mgongo. Hauponi kwa dawa. Ila misuli isipofanyishwa kazi inazidi kukaza na viungo vinajikunja. Ndo maana mazoezi yanatakiwa kila siku: ukimuogesha, ukimvalisha, ukimlisha. Na ukimlisha amelala chali anaweza kupaliwa vibaya, akalishwe amekaa. Hayo usipofundishwa wewe, utayajuaje?

Siongei kwa kusikia. Mtoto wa dada yangu ana hali hiyo. Mwaka na nusu shingo ilikuwa bado haijakaza. Shemeji akasema kwao hakuna kitu kama hicho, kimetoka upande wetu, akaanza kupotea nyumbani. Na sisi tukazunguka kwa waganga karibu mwaka mzima, mbuzi wawili wakaenda. Wazee wanasema jina Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi. Sisi tulikuwa tunaukimbilia.

Aliyetuokoa ni mama yangu, hata la saba hakumaliza. Aliingia naye chumba cha mazoezi, akawa anauliza kila kitu: mkono unaweka hapa kwa nini? Nifanye mara ngapi? Kurudi nyumbani akatandika mkeka, akakunja blanketi akamlaza kifudifudi kifua juu yake, mbele akaweka gunzi la mahindi. Mtoto analitaka gunzi, anainua kichwa. Asubuhi na jioni, miezi na miezi. Leo anakaa mwenyewe na kushika kikombe. Hatembei, labda hatatembea. Lakini juzi kamcheka bibi yake alivyojikwaa, nyumba nzima tukacheka hadi machozi.

Najua mtasema maisha magumu. Kweli. Mama anayetoka bonde la Ziwa Rukwa, anapandisha milima na mtoto mgongoni, nauli ya kuungaunga, huyo simsemi, namvulia kofia. Na ndiye hasa anayehitaji kufundishwa mazoezi ya nyumbani, maana hawezi kuja kila wiki. Hata dada wa kazi simlaumu, yeye anafanya kazi yake, na akirudi hakuna anayemuuliza leo mmefundishwa nini.

Nawasema nyie wenye uwezo na muda, hasa akina baba. Mpira unaangalia dakika tisini, kijiweni unamaliza jioni nzima, kumnyoosha mwanao miguu robo saa unasema ni kazi ya wanawake? Sheria ya Mtoto ya 2009 haijasema mama peke yake. Mtoto wa baba na mama, basi mazoezi ya baba na mama.

Staa wetu, sina bifu na wewe. Siku moja mpe dada wa kazi mapumziko, uingie mwenyewe ndani, uvue saa, ukae chini kwenye mkeka, uulize kama mama yangu. Simu iache kwenye gari.

Povu ruksa hapo chini. Na kama we ni baba na unafanya mazoezi na mwanao, tuambie unafanyaje, wenzako wajifunze.