Disiki ya rezo kwa nyumba zetu: tuhesabu umeme kabla ya bei



Mwenzetu mmoja wa Katuba alikuwa amebakiza sura moja tu ya memwari yake, ile kazi ya kumaliza chuo. Umeme ulikatika jioni, ukarudi usiku kati kwa nguvu isiyo ya kawaida, na mashini yake ilikuwa imebaki imechomekwa ukutani bila stabilizatere. Asubuhi fundi aliifungua, akatazama ndani, akasema: "Kaka, na disiki njo imekufa pamoja nayo." Kopi iliyobaki ilikuwa ku kle moja, ya miezi mitano nyuma. Alirudia mwaka mzima. Mwaka mzima ni minervali nyingine, kodi nyingine ya chumba, na mama anayeuza unga sokoni kuombwa tena pesa aliyokuwa ameisha kuitoa.

Wengine watauliza harakati ya raia inaingiaje katika mambo ya disiki, sisi tuliozoea kuandika hapa juu ya maji, barabara na uchaguzi. Inaingia hivi. Wengi wetu tuko na diploma na hatuna kazi. Tunaishi kwa kuandika barua, CV na maombi ya watu, kwa kupiga skani vyeti vya kuzaliwa na hati za viwanja. Mashini zetu zimekuwa kabati ya mtaa. Kabati hiyo ikiungua, si mali ya mtu mmoja imeungua.

Kiisha kuna kumbukumbu ya mji. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi waliuawa katika kampasi ya chuo kikuu hapa Lubumbashi, na hadi leo watu wanabishana walikuwa wangapi. Tulizaliwa nyuma ya hapo, lakini tumekulia ndani ya ubishi ule. Upande mwingine, mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha hapa kwetu historia ya Élisabethville jinsi waboyi wa wazungu walivyoiona. Mwaka 1990 Johannes Fabian aliichapisha ndani ya kitabu, na leo mtu yeyote anaweza kuisoma. Pengine kama ingebaki karatasi moja katika nyumba moja, tungekuwa tunasikia jina tu. Sisi leo tunapiga picha na video kila siku, za mtaro uliobomoka, za kijana aliyepigwa, za mkutano wa mtaa, na vyote vinakaa ku telefone moja na mashini moja.

Tulipoanza kutafuta namna, jibu la kwanza lilikuwa la kila mtu: "Muweke tu ku Drive." Hatulikatai. Google inatoa giga 15 za bure, na kwa memwari, CV na skani za vyeti inatosha kabisa. Mwanafunzi anayesoma maneno haya na hana kopi yoyote afanye hivyo leo, kabla hajamaliza kusoma. Lakini video na picha za miaka sita za nyumba tatu ni habari nyingine. Tuliweka yetu pamoja tukapata karibu giga 500. Kwa mwendo wa megabiti 2 kwa sekunde, ambao si mbaya kwa telefone zetu, giga 500 zinaomba siku 23 za kupandisha, usiku na mchana bila kukatika. Nani ananunua mega za siku 23?

Na intaneti yenyewe tunaijua. Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, ilikatwa. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kupiga kura, ilikatwa tena inchi nzima, ikarudi karibu siku 20 nyuma yake. Kopi ambayo unaifikia tu kwa ruhusa ya wenye kushika kisu cha intaneti, siku unayoihitaji sana njo siku haipo.

Disiki ya rezo ni kitu kingine. Ni sanduku dogo lenye disiki ndani, limefungwa kwa kamba ku ruta ya nyumba, na kila mashini ya nyumba inaweka kopi humo yenyewe kupitia wifi au kamba. Haili hata mega moja, kwani vitu havitoki nje ya nyumba. Intaneti ikikatwa wiki tatu, yenyewe inaendelea. Zile giga 500, kwa kamba ya megabiti 100, zinapita kwa saa 11 hivi. Unaanza jioni, unaamka zimeisha, kama umeme haukukatika. Nasi tuko Lubumbashi.

Hapo njo tulipojifunza kwamba ushauri tunaosoma wa watu wa Ulaya hautufai wote. Wao wanachagua kwa bei, kwa ukubwa na kwa mwendo. Sisi swali la kwanza ni: inakula wati ngapi?

Tulikuwa na njia tatu. Ya kwanza, sanduku la duka, Synology au QNAP, la disiki mbili. Ni kitu kizuri, kinawashwa na kinafanya kazi. Lakini linauzwa tupu, disiki unanunua pembeni, na ukijumlisha unapita dola mia tatu. Likiharibika, kipande chake hukipati hapa. Unangojea mtu atoke Dubai au Afrika Kusini. Ya pili, mashini ya zamani ya mezani, zile ofisi zinazoziuza zikibadilisha vifaa. Bei yake ni ndogo, fundi yeyote anaijua, na nusu yetu tulikuwa tumeisha kukubali. Ya tatu, Raspberry Pi, kompyuta ya ukubwa wa karata, na disiki mbili ndogo za nje.

Dada mmoja kati yetu, aliyesoma electromécanique, alichukua kalamu. Mashini ya mezani inakula kama wati 60. Raspberry Pi 4 na disiki ndogo mbili, kama wati 10. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200, na ukitaka isife haraka unatumia nusu, yaani 600. Mashini ya mezani itakaa saa 10 ku betri hiyo, kwa hesabu ya karatasi, maana inverta nayo inakula sehemu yake. Raspberry itakaa saa 60, tena haitaki inverta, inataka tu kigeuzi cha kushusha volti 12 kuwa 5. Delestaji ya siku mbili inapita na kopi zinaendelea. Mazungumzo yaliishia pale. Bei ya kununua unailipa mara moja. Ile ya umeme unailipa kila siku, na siku usipoilipa kwa pesa unailipa kwa disiki. Kwani umeme ukikatika wakati disiki inaandika, si fishie moja tu inayoharibika. Mara nyingine ni orodha nzima ya mahali fishie zilipo, na disiki inafunguka tupu.

Tuseme pia tulipoanguka. Kabla ya hesabu hiyo tulishanunua "disiki ya tera 2", ndogo, nyepesi, bei ya ajabu, kwa muuzaji wa barabarani. Mashini iliionyesha tera 2 kweli. Tuliijaza, tukafurahi, tukafungua picha za mwanzo: hazifunguki. Ndani kulikuwa na kadi ndogo ya giga chache iliyopangwa kudanganya. Ikijaa inaandika juu ya vile vya zamani bila kusema neno. Kuna programu za bure za kuijua: H2testw kwa Windows, F3 kwa Linux. Zinaijaza disiki nzima, kiisha zinasoma tena kuona kama kilichoingia njo kinachotoka. Inachukua saa nyingi. Muuzaji asiyekubali ujaribu, mwachie disiki yake. Na kama unanunua disiki iliyotumika, yenyewe inaandika maisha yake ndani: CrystalDiskInfo inakuonyesha saa ilizofanya kazi na vipande vilivyokufa. Vipande vilivyokufa vikianza kuongezeka, usichukue, hata ukiambiwa "ya Dubai hii, ya kweli".

Basi tulichagua Raspberry. Tuliweka OpenMediaVault, programu ya bure, na kazi ilichukua Jumapili moja na nusu, pamoja na ugomvi. Jambo moja halikuwa wazi kwetu: Raspberry Pi 4 inatoa ampea 1.2 tu kwa milango yake yote ya USB, na disiki mbili zikianza kuzunguka pamoja zinaweza kuivuka. Ya kwetu ilikuwa inazima disiki ya pili bila sababu tuliyoiona, tukailaumu kamba, tukailaumu disiki, hata tukalaumiana sisi kwa sisi. Dawa ilikuwa kigawa-USB chenye umeme wake. Upande wa mashini, Windows ina File History na Mac ina Time Machine; zote zinakubali kuandika ku disiki ya rezo. Wenye Linux wanaijua rsync.

Kulikuwa na ubishi mkubwa juu ya disiki mbili. Wengine walitaka ziwe kama kioo, kila kinachoandikwa ku moja kiandikwe ku nyingine papo hapo, namna masanduku ya duka yanavyofanya. Tulikataa, na tungewaomba wengine wafikiri kabla ya kufanya hivyo. Kioo kinakulinda disiki moja ikifa. Hakikulindi mtoto akifuta dosie, wala virusi ikifunga fishie zote, wala mwizi akibeba sanduku, maana kioo kinanakili hata ujinga kwa sekunde hiyo hiyo. Sisi disiki ya kwanza inabaki ku sanduku, Kamalondo. Ya pili tunaijaza kila Jumamosi, tunaichomoa, na mmoja wetu anarudi nayo Ruashi ndani ya mfuko wa mboga. Nyumba ikiungua Kamalondo, Ruashi haiungui. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliliweka wazo hilo kwa namba tatu: kopi 3, ku vyombo vya aina 2, na 1 iwe nje ya nyumba. Yeye alifikiria studio za kwao, lakini namba zinaingia vizuri ku basi ya Ruashi.

Na tafadhali, sanduku lisifunguliwe kwa intaneti. Matangazo yanasema utaona picha zako popote ulipo. Juni 2021 wenye My Book Live za Western Digital waliamka wakakuta disiki zimefutwa na watu wa mbali. Januari 2022 masanduku ya QNAP yalishambuliwa na DeadBolt, fishie zikafungwa, wenyewe wakadaiwa pesa. Wote walikuwa wamefungua mlango kwa nje. Wetu umefungwa.

Kuna swali ambalo hatujalimaliza kati yetu. Nyumba tatu zikitumia sanduku moja, nani anaona nini? Kila mtu ana jina lake na neno lake la siri, sawa. Lakini anayeshika sanduku anaweza kufungua yote, na mule muna skani za vyeti vya wateja wetu, muna barua za talaka, muna majibu ya hospitali. Sheria ya dijitali ya inchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za watu binafsi, na sisi waandishi wa barabarani hatuko nje yake. Tumekubaliana vitu vya wateja vifungwe kwanza kwa VeraCrypt, ambayo ni ya bure, na kazi ya mteja ifutwe akiisha kuichukua, isipokuwa yeye mwenyewe aombe ibaki. Mama mmoja alituambia: "Mubakize, wanangu, kwangu panya banakula makaratasi." Mwingine alisema hapana, akasimama nyuma yetu mpaka tufute mbele ya macho yake. Wote wawili walikuwa na haki.

Kwa wakubwa wa vyuo vya mji huu tuna ombi moja, na si la mamilioni. Kila kitivo kina chumba chenye mashini na ruta. Wekeni humo sanduku moja, na kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho apewe giga chache za kuweka memwari yake kila wiki. Maandishi ya mtu mmoja hayafiki hata giga moja. Disiki ya tera moja inabeba wanafunzi mia kadhaa. Mnawadai wanafunzi kopi zilizofungwa vizuri kwa karatasi siku ya mwisho. Muwasaidie kufika siku hiyo. Kwa wakubwa wa mitaa, tunaomba hivyo hivyo juu ya vitabu vya hali ya raia, ambavyo mvua moja inaweza kuvisomba.

Kwa nyinyi vijana: musinunue peke yenu. Nyumba tatu au nne zinazoaminiana, ruta moja, betri moja ambayo tayari iko kwa mmoja wenu. Sisi tunakutana Jumamosi saa nane, wakati ule wa kujaza disiki ya Ruashi. Anayetaka kuona alete mashini yake na disiki yoyote aliyo nayo, hata ile anayoishuku. H2testw iko tayari. Mwezi huu tunarudisha dosie moja kutoka ku kopi, tukijifanya mashini imekufa. Mara ya kwanza tulipojaribu, neno la siri lilikuwa limeandikwa ndani ya ile mashini "iliyokufa", na ilituchukua jioni nzima. Sasa limeandikwa ku karatasi, ndani ya Biblia ya nyanya ya mmoja wetu, na ni watu wawili tu wanaojua ku ukurasa gani.