Mahakama Iko Arusha, Mlango Tumefungiwa



Kila tarehe 10 Desemba tunajaza mitandao kwa picha na maneno mazuri, kwa sababu ndiyo siku Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipopitishwa mwaka 1948. Si vibaya. Lakini tuulizane: haki yako ikivunjwa, na mahakama za nyumbani zote zikakukatalia, unagonga mlango gani?

Lohé Issa Konaté, mhariri wa gazeti huko Burkina Faso, aliandika habari za kumtuhumu mwendesha mashtaka kwa ufisadi. Mwaka 2012 akafungwa miezi 12 jela kwa kosa la kashfa. Rufaa ikagonga mwamba. Akaja Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na tarehe 5 Desemba 2014 akashinda. Mahakama ilisema kumfunga mwandishi jela kwa kashfa kulivunja uhuru wake wa kujieleza.

Sasa angalia sisi wenye Arusha yetu. Mchungaji Christopher Mtikila alidai mgombea binafsi kwa miaka mingi. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira akampa haki, serikali ikakimbilia kubadili Katiba. Mwaka 2006 akashinda tena Mahakama Kuu, mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikatengua. Ndipo akaenda Arusha, na Juni 2013 akashinda. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama ile kuchambua madai yenyewe na kukuta nchi imevunja haki. Nchi hiyo ni Tanzania. Mtikila alifariki mwaka 2015 bila kuona hukumu yake ikitekelezwa.

Aliwezaje kufika pale? Kwa sababu mwaka 2010 Tanzania ilikuwa imesaini tamko chini ya Ibara ya 34(6) ya Itifaki ya Mahakama, linaloruhusu raia kupeleka kesi moja kwa moja. Novemba 2019 serikali ikaliondoa, na kuanzia tarehe 22 Novemba 2020 raia haruhusiwi tena kufungua kesi mpya dhidi ya nchi yetu. Raia wa Malawi au Ghana anaweza kuishtaki nchi yake Arusha. Wewe unayepita nje ya geti na daladala, huwezi.

Serikali ilidai tamko lilikuwa halitekelezwi kwa masharti iliyoyaweka. Haya, tuchukulie ni kweli. Dawa ya hoja ya kisheria ni kuijibu mahakamani, sio kumfungia raia mlango. Na waliokuwa wakigonga mlango huo kwa wingi ni wafungwa, watu wasio na pesa ya wakili wala mjomba serikalini.

Wapo watakaotuambia hayo ni mambo ya mabeberu. Jamani, mahakama hii iliundwa na viongozi wa Afrika wenyewe, majaji wake wote ni Waafrika. Jaji Augustino Ramadhani, aliyekuwa Jaji Mkuu wetu, amewahi kuwa Rais wake. Mwaka 2021 akachaguliwa Jaji Imani Aboud, Mtanzania mwingine. Kwa hiyo Mtanzania anafaa kuongoza mahakama, ila hafai kushtaki mbele yake? Tena huwezi kwenda kule kabla hujamaliza ngazi za nyumbani. Hakuna anayeruka mahakama zetu.

Milango mingine bado ipo, tuijue. Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo iko Arusha, inapokea raia, lakini una miezi miwili tu tangu tendo litokee au ulijue. Ukilala, umekwisha. Tume ya Afrika iliyoko Banjul nayo inapokea malalamiko, ingawa inachotoa ni mapendekezo, sio hukumu.

Ndiyo maana nasema tusiishie kwenye picha za Desemba. Anayemtetea Konaté wa Burkina Faso na anayemtetea mfungwa wa Ukonga wanadai kitu kimoja: mahali pa kusikilizwa dola ikikugeuka. Kudai tamko lirudi hakuhitaji Katiba mpya wala bajeti. Ni barua moja ya serikali. Mgombea yeyote akija kuomba kura yako, hata wa chama chetu, muulize mbele za watu: utairudisha sahihi ya Arusha, ndiyo au hapana?