Mcheza Kwao Hutuzwa Akiwa Bado Uwanjani

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Methali hii tunaitaja kila siku, darasani na kwenye hotuba, hata tumesahau ilikotoka. Mama yangu alizaliwa Mombasa, na ndiye aliyenionyesha maana yake. Harusini, taarabu ikishanoga, mwanamke mmoja huinuka, akajongea kwa madaha hadi alipo mwimbaji, akamtunza noti mkononi huku wimbo ukiendelea. Hangoji wimbo uishe. Hangoji mwimbaji asafiri nchi za watu, asifiwe huko, ndipo arudi atuzwe. Humtunza papo hapo, jasho lingali likimtiririka, na mwimbaji akiipokea noti ile hupandisha sauti, akaimba vizuri kuliko alivyoanza.

Nayakumbuka haya kila nimwonapo binti wa jirani yangu hapa Woodley, Nairobi. Alipokuwa kidato cha tatu, shule yao ilijiandaa kwa tamasha la drama, naye akapewa nafasi ya bibi kizee mchota maji. Jioni moja nilimkuta kwenye kijia cha nyuma ya nyumba zetu, kando ya ua wa michongoma, amebeba mtungi wa plastiki wa lita 20. Nilidhani maji yamekatika tena. Kumbe alikuwa mazoezini. Nikamuuliza mbona asibebe mtungi mtupu, maana jukwaani hakuna atakayejua. Akanijibu, "Mzee, mtungi mtupu haupindi mgongo." Alikuwa ameujaza nusu. Alihesabu hatua, akiutua kila baada ya kumi, mkono wa kushoto kiunoni, akihema kwa kinywa kama wahemavyo bibi zetu. Koti kuukuu alilovaa alilichagua mwenyewe soko la Toi, katika rundo la mitumba. Alilipenda kwa sababu mfuko mmoja ulikuwa umechanika, na bibi kizee yule, alisema, hana wa kumshonea.

Babake akapita, akatuona. Ni mtu mwema na fundi hodari. Alitikisa kichwa, akaniambia, "Ndugu yangu, nisaidie kumwambia asome. Uigizaji si kazi."

Sikumjibu siku ile. Makala haya ndiyo jibu langu kwake, na kwa kila mzazi mwenye mtoto wa aina hiyo nyumbani.

Nianzie karibu na kwetu. Ukishuka kutoka Adams Arcade kwa barabara ya Joseph Kang'ethe, ukaipita Toi, mwendo wa dakika chache tu unakufikisha Kibera. Mwaka 2004 walifika huko wageni na kamera zao, wakiongozwa na Mbrazili Fernando Meirelles, kupiga filamu ya The Constant Gardener. Nyota wake walikuwa Waingereza wawili, Ralph Fiennes na Rachel Weisz. Katika kikosi kilichofanya kazi nyuma ya kamera alikuwamo msichana Mkenya, mwanafunzi wa chuo, ambaye kazi yake ilikuwa ya utarishi: kutumwa huku na huko, lete hiki, peleka kile. Jina lake Lupita Nyong'o. Mwenyewe amesimulia jinsi Fiennes alivyomuuliza anataka kufanya nini maishani, naye akakiri kwa haya kwamba anatamani kuigiza. Mkongwe huyo wa uigizaji hakumpa sifa za bure. Alimwambia aigize ikiwa tu hawezi kuishi bila kuigiza.

Sasa tazama mambo yalivyokuja kufungamana. Machi 2006, Rachel Weisz alipewa tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kike msaidizi kwa filamu hiyo hiyo. Miaka minane baadaye, tarehe 2 Machi 2014, tuzo ya aina ile ile ilikabidhiwa msichana aliyekuwa akitumwa kwenye seti. Lupita alikuwa ametimiza miaka 31 siku iliyotangulia, na akawa Mkenya wa kwanza kushinda Oscar, kwa nafasi ya Patsey, mtumwa katika shamba la pamba, kwenye filamu ya 12 Years a Slave. Usiku ule aliwaambia watoto wa dunia nzima kwamba popote walipotoka, ndoto zao ni halali. Nairobi nzima ilishangilia. Matatu zilichorwa sura yake. Kila mtu alikuwa na binamu aliyesoma naye.

Lakini je, tuliuliza alivyofika pale? Wengi wetu tulisema ana bahati, tena ana uso mzuri. Haya, tuhesabu pamoja. Alizaliwa Mexico City mwaka 1983, babake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, akiwa mwalimu huko, kisha akalelewa Nairobi, akasoma shule za upande huu wetu wa magharibi. Akiwa na miaka 14 alipanda jukwaa la Phoenix Players, pale Parliament Road, akaigiza Juliet wa Shakespeare. Baadaye akasomea filamu na tamthilia huko Hampshire College, Marekani. Likizoni akabeba mizigo ya wenzake kwenye seti. Mwaka 2009 aliongoza filamu yake mwenyewe, In My Genes, kuhusu Wakenya wanaoishi na ualbino, na mwaka huo huo akaigiza Ayira katika Shuga, mfululizo wa runinga uliopigwa hapa Nairobi kuwafunza vijana habari za UKIMWI. Kisha, mtu ambaye tayari alikuwa ameonekana kwenye runinga, akarudi darasani. Alikaa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, miaka mitatu akijifunza kupumua, kusimama, kutamka na kunyamaza, akahitimu 2012.

Tangu Juliet hadi Oscar ni miaka kama 17. Ndugu yangu fundi, wewe ulikaa na mwalimu wako miaka mingapi kabla hujakabidhiwa randa? Ukiuona muda huo, utakubali kwamba binti huyu alipitia uanagenzi mrefu kuliko wako na wangu. Anayesema uigizaji si kazi hajaona inavyofanywa. Mtungi wenye maji nusu, unaobebwa na mtoto wa shule mahali asipoonekana na mtu, ndio mwanzo wa kazi hiyo.

Najua utaniambia nini. Utasema Lupita ni mtoto wa profesa na mwanasiasa, na sisi watoto wetu ni wa mafundi na wachuuzi. Ni kweli, na sitaki kuipita kweli hiyo kwa haraka. Nyumba aliyokulia ilikuwa na vitabu, na palikuwa na mtu wa kumlipia karo ng'ambo. Alipojaribu na kukosea, chakula mezani hakikukosekana. Vipaji vingi hufia hapo: mtoto wa maskini haruhusiwi kukosea hata mara moja. Lakini ikiwa nyumba moja yenye uwezo ilimlea msanii mmoja, mtaa mzima, kata nzima, kaunti nzima, haiwezi kuwa nyumba kwa watoto wasio na nyumba kama ile? Kile alichopewa Lupita na wazazi wake ndicho tunachopaswa kumpa mtoto wa Kibera kwa mikono yetu wote: jukwaa, mwalimu, muda wa kujifunza na ujira wa haki.

Hebu tujipime kwa mawili ya hayo manne. Jukwaa lile la Phoenix Players, lililoanzishwa 1983 na kuwalea waigizaji wengi wa mji huu, lilifungwa 2017 kwa kulemewa na madeni. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu tushangilie Oscar. Tulilishangilia tunda huku mti ukikauka katikati ya mji, na hatukuinuka hata kuumwagia kata moja ya maji.

Na ujira? Hapo niwakumbushe mcheza kwao halisi. Kizazi changu kilikua mbele ya runinga moja kwa nyumba kumi, watoto tukichungulia dirishani kumtazama Mama Kayai katika kipindi cha vichekesho cha Vitimbi. Jina lake ni Mary Khavere. Kwa miaka na miaka, tangu enzi za shirika la utangazaji la Sauti ya Kenya kabla halijaitwa KBC mwaka 1989, aliingia sebuleni mwetu kama mke wa Mzee Ojwang, akimkemea, akimsitiri, akimtia adabu, kwa Kiswahili kilichoeleweka na mtoto na ajuza. Waliigiza kwa ukweli hata wengi wakaamini ni mume na mke hasa. Hawakuwa. Mzee Ojwang alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu aliyeivaa lafudhi ya Kijaluo kama alivyolivaa koti lake kubwa, na wenye lafudhi yao wakampenda. Nchi hii ina vidonda vya ukabila, na watu hawa walituchekesha sote pamoja, kila wiki, bila kumdhalilisha mtu. Huduma hiyo haina bei.

Bei tuliyowalipa sisi ilikuwa ipi? Wanjau aliugua macho miaka yake ya mwisho, ikabidi wananchi wachangishwe apate matibabu. Alifariki Julai 2015, hapo Hospitali ya Kenyatta, jirani yetu. Siku hiyo kila kituo kilirusha vichekesho vyake, na viongozi wakatuma risala za rambirambi. Nauliza kwa uchungu: noti tuliyoipeleka kaburini, ingetugharimu nini kama tungeipeleka ukumbini? Mchango si aibu kwa aliyechangiwa. Ni aibu yetu sisi, tuliotumia kazi ya mtu miaka 30 kisha tukamwita mhitaji.

Basi nawasihi wote, kila mmoja kwa nafasi yake.

Enyi wazazi, msimkataze mtoto kabla hamjamtazama. Nenda ukakae kwenye ukumbi wa shule siku ya drama kama unavyokwenda siku ya matokeo. Ukihofia kwamba filamu zitamharibu binti yako, hofu yako ina msingi, maana wapo wanaume wanaoita odisheni usiku na kutaka wasichokistahili. Dawa yake ni kuandamana naye, kumfundisha kwamba kazi ya haki huombwa mchana, ofisini, mbele ya watu, na kumsomea mkataba kabla hajatia sahihi. Mtoto akifukuzwa nyumbani kwa sababu ya sanaa, atakwenda peke yake kwa watu wale wale unaowaogopa.

Nanyi mabinti, msikimbilie jina. Beba mizigo ya seti ukiambiwa ubebe. Jifunze taa, sauti, na jinsi kamera inavyoona. Soma hadi mwisho, kwani mwigizaji asiyesoma husemewa na wengine maisha yake yote. Wengi wana wafuasi laki moja kwenye simu na hawajui kusimama wima jukwaani kwa dakika tano. Mvumilivu hula mbivu, na mbivu hizi huchukua miaka 17.

Ninyi wenye vituo na kampuni za filamu, lipeni kwa wakati. Binti wa jirani yangu, alipomaliza shule, alipata siku nne za kazi katika kampuni fulani. Alidamka saa kumi usiku siku zote nne, akarudi gizani. Malipo yake yalimfikia baada ya miezi saba, tena pungufu, baada ya kupiga simu hadi akaona haya. Muuza mboga wa Toi hakubali kulipwa baada ya miezi saba, na mboga zake hazirudiwi kuonyeshwa mwaka ujao. Kipindi kikirudiwa, mwigizaji apate fungu lake. Haki hiyo imo katika sheria zetu za hakimiliki, na kisichopo ni utashi wa kuitekeleza.

Serikali ya kaunti nayo ifungue kumbi zake jioni. Ukumbi unaokodishwa kwa harusi siku ya Jumamosi unaweza kuwa shule ya maigizo Jumatatu hadi Ijumaa. Mwalimu mmoja, taa mbili na ufunguo wa mlango havihitaji mkopo kutoka nje.

Na sisi watazamaji, tukiwa wengi kuliko wote, tulipe kiingilio. Tusinunue filamu iliyoibwa kwa shilingi 50 kisha tukalalamika kwamba filamu za kwetu hazina ubora. Tukimwona mwigizaji sokoni tumsalimie kama mtu aliyetoka kazini.

Nimalizie pale nilipoanzia. Siku shule ya binti yule ilipoonyesha mchezo wao kwa wazazi, nilikwenda. Aliingia na mtungi wake wenye maji, ukumbi ukanyamaza. Alipoutua mara ya tatu na kufuta jasho, nilimkumbuka mama yangu. Niliinuka, nikatembea hadi jukwaani mbele ya walimu walioduwaa, nikamnyooshea noti ya shilingi 200. Mtoto yule hakucheka wala hakutoka katika nafasi yake hata kidogo. Aliipokea kwa mikono miwili inayotetemeka, akaniombea dua kwa sauti ya ajuza, akaifunga polepole kwenye pindo la leso, akaipiga mafundo mawili. Kisha akajitwika mtungi, akaendelea na safari yake.

Nilipogeuka kurudi kitini, nilimwona babake safu ya nyuma. Alikuwa amesimama, mkono mfukoni, akitafuta noti. Ewe msomaji, nawe una mwana wa jirani aliyeko uwanjani sasa hivi. Inuka umtunze.