Mzinga wa Jirani

Asali haina adui. Mzinga ndio ulio na maadui. Mtu yule yule afurahiaye kijiko cha asali asubuhi atakunja uso akisikia kuwa jirani yake ametundika mzinga nyuma ya ua. Wala hatuwezi kumlaumu kwa hilo, maana asali huja mezani peke yake, lakini mzinga huja pamoja na wenyewe, nao wenyewe wana miiba.

Msomaji, swali ninalotaka tulipime pamoja ni hili: katika mitaa ambamo nyumba zimeegemeana na watoto hucheza mlangoni, sheria iseme nini juu ya ufugaji wa nyuki? Usidhani kuwa jambo hili ni la wazee na makarani tu. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 imezikabidhi kaunti kazi ya kilimo na ufugaji, pamoja na kazi ya kudhibiti wanyama, na tena imeyataka mabunge ya kaunti yawashirikishe wananchi katika kazi zao za kutunga sheria. Miaka michache ijayo wewe utaitwa kutoa rai yako. Yafaa basi ujiandae sasa, usije ukaitoa kwa hofu au kwa kuiga.

Wabishanao juu ya jambo hili ni makundi mawili. La kwanza husema, "Nyuki ni hatari, mzinga usionekane mjini, na atakayefuga atozwe faini." La pili husema, "Nyuki ni rafiki wa binadamu. Kila mwenye kiwanja na afuge apendavyo." Mimi nasema kwamba makundi yote mawili yamepotea njia. La kwanza halikuuliza nyuki hukaa wapi, na la pili halikuuliza nyuki wetu ni nyuki gani.

Tuanze kwa kulitendea haki kundi la kwanza, kwani hofu yake ina sababu. Mwiba wa nyuki una vijino kama vya chembe ya mshale. Ukiingia katika ngozi ya mtu hukwama humo, na nyuki aliyeuma hufa. Lakini pale ulipokwama hutoa harufu ya kuwaita wenzake waje washambulie mahali pale pale. Mwaka wa 1962 wataalamu waliitambua kemikali iliyo kubwa katika harufu hiyo, wakaona kuwa ni ile ile inukiayo katika ndizi mbivu. Nyuki wa nyanda zetu huuitika mwito huo upesi na kwa wingi kuliko nyuki wa Ulaya. Hata tembo huwaogopa. Utafiti uliofanywa katika nchi yetu na kutangazwa mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba tembo hukimbia wasikiapo mvumo wa nyuki waliochokozwa, na wakulima wa Sagalla, karibu na mbuga ya Tsavo, wamezungushia mashamba yao mizinga iliyoning'inizwa kwa waya ili kuwazuia.

Ushahidi mwingine watoka mbali. Mwaka wa 1956 mtaalamu mmoja wa Brazil, Warwick Kerr, aliwapeleka kwao malkia wa nyuki kutoka Afrika, akitumaini kupata mbegu iliyo bora kwa nchi ya joto. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka mizingani, yakachanganyika na nyuki wenye asili ya Ulaya waliokuwako, na uzao wao ukaenea nchi hata nchi. Kufikia mwaka wa 1990 nyuki hao walikuwa wamekwisha kuvuka mpaka na kuingia Texas, katika Marekani. Nchi zote walizozipitia zilijifunza kwamba nyuki wa Afrika si wa kufanyiwa mchezo.

Hata hivyo, hofu yenye sababu yaweza kuzaa sheria isiyo na maana. Bunge la kaunti laweza kukataza mizinga, lakini haliwezi kuwakataza nyuki. Nyuki hawasomi matangazo. Wao huhama upesi wakikosa chakula au wakisumbuliwa, na wakihama hutafuta tundu popote: chini ya paa, ndani ya ukuta uliopasuka, katika pipa lililotupwa, au katika shina la mti ulio kando ya barabara. Mtaa usio na mzinga hata mmoja wakati wowote waweza kuamka na kundi la nyuki darini.

Sasa fikiri, msomaji, siku hiyo itakapofika ni nani atakayeitwa. Mwenye ujuzi wa moshi na mavazi, ajuaye kumtafuta malkia na kulihamisha kundi zima usiku kwa utulivu, amekwisha kufukuzwa na sheria. Aliyebaki ni kijana mwenye chupa ya mafuta ya taa na kiberiti. Atawachoma nyuki kadhaa, na wale waliosalia watatoka na ghadhabu yote kuwaangukia wapitao njiani, na mbuzi aliyefungwa kambani asiyeweza kukimbia. Sheria iliyokusudia kuwalinda watu imewaondolea mlinzi wao.

Mji wa New York uliwahi kuijaribu njia hiyo. Mwaka wa 1999 nyuki walitiwa katika orodha ya wanyama waliokatazwa kufugwa mjini humo. Je, ufugaji ulikoma? La! Watu waliendelea kufuga juu ya mapaa kwa siri, na kitu kilichofichwa hakikaguliwi na mtu. Mwaka wa 2010 baraza la afya la mji liliondoa katazo hilo kwa nyuki wa asali, likaweka masharti badala yake: mfugaji ajiandikishe, awape nyuki wake maji, na azuie makundi yao yasiwasumbue watu.

Hapo kundi la pili litapiga makofi. "Mmeona! Wenzetu wanafuga juu ya mapaa yao. Na sisi tufuge." Ndugu hawa wanataka kuvaa kanzu iliyokatwa kwa kimo cha mtu mwingine. Nyuki wa New York na wa London ni wa asili ya Ulaya, na wafugaji kwa vizazi vingi wamekuwa wakichagua makundi yaliyo mapole na kuyaacha yaliyo makali. Nyuki wetu hawakupitia mikononi mwa mafundi wa namna hiyo. Sharti linalotosha kwa yule halimtoshi huyu.

Tazama pia ukubwa wa viwanja vyetu. Kiwanja cha futi 50 kwa 100, ambacho wengi hujivunia kukinunua, kina nyumba, kisima, kamba ya nguo na banda la kuku. Mzinga utakaa wapi humo usiwe karibu na dirisha la mtu? Tena wako watu ambao miili yao haiwezi kuihimili sumu ya nyuki, hata mwiba mmoja ukaweza kuwaua. Haki yako ya kula asali haikupi haki ya kuuweka uhai wa jirani katika hatari bila ya kumwuliza.

Watajibu kwamba pasipo nyuki mazao hupungua. Ni kweli, wala sipingi. Nyuki huichukua chavua kutoka ua hadi ua, na kazi hiyo huuletea faida kubwa mkahawa, parachichi, maboga, alizeti na mimea mingine mingi. Lakini hoja hiyo, ikichunguzwa vyema, inawageukia wao wenyewe. Nyuki huruka kilomita mbili na zaidi kutafuta maua. Shamba lako la maboga litatembelewa na nyuki ambao mzinga wao huujui uliko. Faida ya nyuki husafiri. Hatari yake hukaa karibu na mzinga. Kwa hiyo hapana haja ya kuuweka mzinga mlangoni ili mji upate maua na matunda.

Hilo ndilo neno ninalotaka ulishike, kwa maana sheria njema yote yatokana nalo. Watu wa kale walilielewa. Katika Athene, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, Solon alitunga sheria kwamba mtu akitaka kuweka mizinga yake aiweke umbali wa futi 300 kutoka mizinga ya mwenzake iliyotangulia. Mwandishi Plutarch ndiye aliyetuhifadhia habari hiyo. Huku kwetu, Wakamba waliitundika mizinga yao ya magogo juu ya miti, na juu ya gogo wakachora alama ya mwenyewe. Waogiek wa msitu wa Mau waligawana msitu kwa koo, kila ukoo ukajua mahali pake pa kurina asali. Sheria hizo zilitungwa na watu walio mbalimbali kabisa, lakini zote ziliuliza maswali mawili tu: mzinga uko wapi, na mzinga ni wa nani?

Basi kaunti zetu na ziulize hayo hayo. Katika mitaa iliyosongamana, mzinga usiwekwe uani, lakini sheria isemapo "si hapa," iseme pia "ni pale." Itenge mahali: pembe za misitu zisizopitwa na watu, kingo za mito zisizo na makao, na mashamba ya taasisi yaliyo na nafasi, hatua 300 kutoka nyumba na njia. Kila mzinga uwe na alama ya mwenyewe. Kila mwenyewe aweke maji karibu, ili nyuki wasiyafuate katika bomba la jirani. Na asali irinwe jioni giza liingiapo, watu wakiwa wamekwisha kuingia majumbani. Na katika kila wadi liandikwe jina la mfugaji mmoja au wawili walio stadi, ambao mtu yeyote aliyevamiwa na nyuki darini aweza kuwaita, nao walipwe kwa kazi yao.

Wako watakaosema kwamba kuandikisha mizinga ni mlango mwingine wa kumtoza maskini. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Kwa hiyo uandikishaji na uwe bure, nao ufanyike papo hapo katika wadi. Babu zetu waliijua mizinga yao kwa alama ya kisu tu, bila ya karatasi wala muhuri.

Wahenga walisema, "Fuata nyuki ule asali." Hawakusema, "Mlete nyuki umweke kitandani," wala hawakusema, "Mchome nyuki ulale." Siku utakapoitwa kutoa rai juu ya sheria ya nyuki, usiulize kwanza kama wewe wapenda asali au waogopa miiba. Uliza kama sheria ile imetaja mahali, na kama imemtaja mtu wa kujibu. Ikiwa haikutaja lolote kati ya hayo mawili, simama uikatae, hata kama ukumbi mzima unaishangilia.