Mwambie Kabla ya Harusi

Mwezi huu nina ishu nzito kidogo.

Rafiki yangu wa Sumbawanga alikwenda kung'oa jino. Jamani, damu ilitoka mpaka kesho yake! Mkewe yuko pembeni, muuguzi anamuuliza, hana la kujibu. Kumbe jamaa ana hemofilia tangu utotoni. Wakati wa uchumba alificha, eti ataachwa.

Hemofilia ni ugonjwa wa kurithi: damu inakosa protini ya kuigandisha. Si kurogwa, hata kama watu wanapenda kuisingizia Sumbawanga, na wala hauambukizwi kitandani. Baba mwenye nao hawarithishi watoto wa kiume. Mabinti zake wote ndio hubeba kinasaba chake, na wanaweza kuwarithisha watoto wao.

Sasa wewe mchumba, ukiambiwa usikimbie. Shika haya: asimeze aspirini wala diklofenaki kiholela. Asichomwe sindano ya msuli kabla daktari hajajua hali yake. Na kabla ya kung'oa jino au kupasuliwa, hospitali ijulishwe mapema ili dawa ya kugandisha damu itafutwe. Kutoka Ufipa hadi hospitali ya rufaa ya kanda Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na Muhimbili ndiyo mbali kabisa. Damu haisubiri basi.

Siku hizi shemeji anatembea na karatasi ya daktari kwenye pochi. Nilimuuliza kama angemwacha. Akacheka: "Kilichoniuma ni kufichwa, si damu."

Tukutane mwezi ujao!