Bel Air au 210? Tazama pezi la nyuma

Bila shaka umewahi kuliona lile gari refu la Kimarekani lenye mapezi nyuma kama ya papa. Limo katika filamu za zamani, limo katika kalenda, na wapiga picha wanaozuru Havana, Cuba, hawarudi bila picha yake. Wengi hulitazama, wakasema "Chevrolet", wakatosheka. Kwa mnunuzi jina hilo halitoshi hata kidogo.

Tuanze na mwaka. Chevrolet za 1955, 1956 na 1957 ni kama ndugu wa tumbo moja. Ya 1955 ina wavu mdogo wa mbele wenye vijumba vya mraba. Wa 1956 umetanda upana wote. Ya 1957 ndiyo yenye mapezi hasa. Ukitaka kumpima rafiki anayejifanya bingwa, mwulize petroli hutiwa wapi. Katika ya 1956, tundu limefichwa nyuma ya taa ya kushoto. Mwaka uliofuata likahamishiwa ndani ya pambo la kromu kwenye ncha ya pezi la kushoto. Mhudumu mgeni wa kituo cha petroli angelizunguka gari mara tatu!

Sasa tuje kwenye daraja, kwani hapa ndipo pesa zilipo. Kiwanda kilitoa ngazi tatu: 150 ya wabana matumizi, 210 ya watu wa kati, na Bel Air ya wenye nazo. Bodi zilifanana, mapambo ndiyo yaliyotofautiana. Bel Air ya 1957 ina bamba la alumini lenye mistari ubavuni mwa pezi. Katika 210, nafasi hiyo hiyo imepakwa rangi tu. Wavu wa mbele wa Bel Air ni wa rangi ya dhahabu, na karibu na taa za mbele, ubavuni, kuna vialama vitatu vya dhahabu. Ndugu zake wana wavu wa rangi ya fedha. Ile 150 haina makuu, ukanda mfupi wa kromu na basi.

Herufi V kubwa juu ya boneti na buti yasema kuna injini ya silinda 8. Isipokuwepo, ni silinda 6. Katika ya 1955, itafute chini ya taa za nyuma.

Lakini tahadhari. Mapambo haya hubanduka na kubandikwa, na mapya yanayoiga ya zamani yanauzwa Marekani mpaka leo. Kwa kuwa Bel Air ina bei kubwa kuliko 210, fundi mvumilivu anaweza kuigeuza hii kuwa ile. Mimi sioni ubaya wa mtu kulipamba gari lake apendavyo. Ubaya ni kumwuzia mwenzako jina.

Kwa hivyo mnunuzi mwerevu hufungua mlango wa dereva, ambao kwa Wamarekani uko kushoto, akasoma kibati kilicho kwenye nguzo ya bawaba. Namba ikianza na VC57, V ni silinda 8, C ni Bel Air, na 57 ni mwaka. B ni 210, na A ni 150. Ukikuta VB57 huku alumini inameremeta ubavuni, mwulize muuzaji kwa upole imetoka wapi, kabla hajakutajia bei.